Blanketi la Mama Mkwe kutoka Makambako

Mama mkwe wangu hakuwahi kunitazama usoni, nami sikuwahi kumtazama yeye. Msidhani tuligombana. Ndiyo adabu tuliyoikuta kwetu Ubena: mwanamume akikutana njiani na mama wa mkewe, mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Hawali pamoja, hawapeani kitu mkono kwa mkono, na mkeka aliokalia mmoja, mwingine haukalii. Siku hizi naona wakwe wanakaa kiti kimoja cha basi na wanacheka. Sisemi ni vibaya. Nasema sisi hatukuwa hivyo, na usipolijua hilo hutaelewa kwa nini blanketi moja lilininyima raha Krismasi nzima.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza, vita ya Hitla imekwisha miaka michache. Nilikuwa kibarua kwenye shamba la miwati karibu na Njombe, kazi yangu kubandua magome ya miti hiyo, yapelekwe kiwanda cha ngozi. Gome la mwati linatia mikono weusi usiotoka hata kwa jivu, ukienda kanisani unaificha mifukoni. Mke wangu alikuwa kwao, njia ya Lupembe, amekwenda kujifungua mtoto wetu wa kwanza kama desturi inavyotaka. Mtoto akafika miezi minne, na mimi nilikuwa nimemwona mara moja tu, amefunikwa, pua peke yake ndiyo iko nje. Kila nikituma mtu kuuliza watarudi lini, jibu lilikuwa lilelile: bado. Mwisho akaja shemeji yangu mwenyewe, kaka wa mke wangu.

"Mama anauliza," alisema, "yeye amembeba mjukuu baridi yote hii. Blanketi lake yeye, la shukrani, liko wapi?"

"Nalitafuta, shemeji."

"Litafute kwa haraka. Krismasi ikipita hujaja, usije tena peke yako. Uje na wazee wako, tuzungumze."

Mtu akikuambia uje na wazee, ujue mke wako ameanza kuwa kesi.

Nikazunguka maduka yote ya Njombe. Mablanketi mapya yalikuwepo, mazuri, yamekunjwa juu ya rafu. Nililishika moja, nikalirudisha, nikatoka, nikaingia tena kulishika. Mara ya tatu mwenye duka akaniambia nisilichoshe. Kwa mshahara wangu lile ningelipata Krismasi ya mwaka mwingine. Jirani yangu kambini akaniambia, nenda Makambako, yuko Mwarabu anauza vitu vilivyotumika, anavinunua minadani, vya jeshi na vya Wazungu wanaofunga mashamba.

Nikaomba ruhusa, nikapanda lori, nikaenda. Duka lenyewe lilikuwa la bati, na ndani ungedhani kijiji kizima cha Wazungu kimehama usiku. Makabuti ya askari, kofia za kike zenye maua ya kitambaa, vikaango, buti za miguu miwili isiyolingana. Mimi shule yangu ni miaka miwili tu, lakini macho nilikuwa nayo. Nilichagua blanketi la jeshi, la kijivu, lina mstari mwekundu kila upande.

"Hili limelala na nani?" nilimuuliza.

"Limelala stoo," alisema. "Wewe unanunua au unaposa?"

Nililiinua mlangoni nione mwanga. Tundu moja dogo tu, la moto wa sigara. Nilimwonyesha, akapunguza. Na kwa kilichobaki nikachukua kofia ya sufu ya mtoto, kishada chake cha juu kimeng'oka. Nilitoka pale najiona bwana harusi upya. Hata mikono sikuificha.

Sasa mvua. Lori la kurudi lilikuwa wazi, tumekaa juu ya magunia, na mvua ya Desemba kwetu ina baridi ya kutoboa mfupa. Ilipotupiga nilivumilia kwanza. Meno yakaanza kugongana yenyewe. Nikasema moyoni, nitalifungua kidogo tu. Nikalifungua, nikajitanda kichwani mpaka magotini, na nawaambia kweli, sijapata joto kama lile tena. Nikalala mle ndani.

Nilipoamka mvua ilikuwa imepungua. Jirani yangu juu ya magunia, bibi mmoja anayekwenda mbele huko Ukinga, alikuwa analipapasa pindo.

"Blanketi zuri, mwanangu. La mama watoto?"

"La mama mkwe, bibi. Zawadi yake ya Krismasi."

Akauondoa mkono. "La mama mkwe, na wewe umo ndani?"

Hapo ndipo nilipojiona nilivyo. Nilikuwa nimelala ndani ya blanketi atakalolalia mama wa mke wangu. Kwa watu wetu hilo ni sawa na kulala naye chini ya blanketi moja, mmoja leo, mwingine kesho. Nililivua kama linaungua.

"Nikilifua, bibi?"

"Fua. Jasho litatoka," alisema. "Hilo jingine sijui kama linatoka kwa sabuni." Akageuka pembeni, kisha akaongeza, kwa huruma nadhani, "Mimi nashuka mbali. Sina wa kumwambia."

Ingekuwa heri angesema atanitangaza. Aliposema hana wa kumwambia, akaniachia mimi mwenyewe niamue. Pesa ya jingine sikuwa nayo. Kwenda mikono mitupu, mke ndio huyo amepotea. Nililifua mtoni mara mbili, nikalianika juu ya moto kambini, nikaligeuza na kuligeuza, na siku ya mkesha nikalipeleka.

Nilisimama uwanjani, mama mkwe yumo ndani. Shemeji akalipokea, akaingia nalo. Nikasikia sauti ya mama mkwe nyuma ya ukuta: "Zito hili. Mkwe ameona mbali." Mke wangu akatoka na mtoto mgongoni, anacheka mpaka ufizi, na kofia ikamkaa mtoto vizuri. Ningekuwa mtu mwingine ningefurahi.

Asubuhi ya Krismasi mama mkwe akalivaa mabegani kwenda kanisani. Wanawake wakawa wanamsogelea kuligusa. Mimi nimekaa upande wa wanaume, kila wimbo nausimamia nusu. Mchungaji alihubiri habari za hori, mimi naona mstari mwekundu tu, uko safu ya pili. Mama mkwe alipokohoa nikafikiri adhabu ndiyo inaanza, kwa maana kwetu kosa la namna ile halimwangukii aliyelifanya. Linaweza kumwangukia mkwe, na linaweza kumwangukia mtoto. Usiku nililazwa nyumba ya shemeji na sikulala, nasikiliza kama mama mkwe anakohoa tena.

Kesho yake tukaaga. Tulikuwa tumeshapita kijito, mimi nimebeba mzigo, mke wangu mtoto, nikashindwa kuficha zaidi. Nikamwambia yote, lori, mvua, na yule bibi.

Akamfungua mtoto, akanikabidhi.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa mama."

"Utarudi?"

"Mshike kichwa, anateguka," alisema, akapanda kilima.

Nilikaa chini ya mti na mtoto niliyekuwa simjui. Alilia, nikasimama. Akanyamaza, nikakaa, akalia tena, nikasimama tena. Nilihesabu watu waliopita njiani, nikafikiri, wa mwisho atakuwa shemeji na maneno ya wazee. Nikafikiri kukimbia na mtoto. Nikafikiri kumrudisha na kukimbia peke yangu. Jua likatoka, likaingia mawinguni, likatoka.

Akatokea mke wangu, blanketi kichwani, limekunjwa. Peke yake.

"Umemwambia?"

"Ningemwambiaje? Mama angeanguka. Nimemwambia lina chawa."

"Chawa?"

"Nimemwambia mume wangu amelinunua kwa pesa ndogo mnadani, limetoka kwa askari, na nimemwona chawa pindoni. Amelitupa mwenyewe uwanjani. Anajikuna mpaka sasa." Akamchukua mtoto. "Amesema wewe ni bahili wa kuzaliwa. Utaleta jipya, la dukani, Pasaka."

"Chawa hamna, wewe. Nimelifua mara mbili."

"Basi rudi ukamwambie ulikuwa umo ndani."

Nikainua mzigo. Tukaenda.

Jipya nililipeleka, ingawa Pasaka hiyo ilipita na nyingine ikakaribia. Halikusaidia jina langu. Kwao nilibaki mkwe wa chawa, na shemeji alikuwa haachi kuniuliza mbele za watu kama wageni wangu wa jeshi hawajambo. Kila nilichompelekea mama mkwe, kitenge, sukari hata, kilianikwa juani kwanza kikapigwa fimbo, mimi nikiwa nimesimama palepale uwanjani nasikia zile fimbo. Nilizipokea kimya miaka yote aliyoishi. Mke wangu alikuwa ananitazama kwa pembeni, aone kama nitajitetea.