Tulivyomtembeza Baba Australia kwa caravan tukiwa na nia ya kumwacha huko

Wakuu, salaam kwenu popote mlipo.

Hii habari nimekaa nayo miaka. Sipambi kitu na wala sijitetei, maana mwenye kosa ni mimi mwenyewe.

Niko Toronto, Flemingdon Park, ghorofa ya kumi na nne. Mwaka 2012 nilimleta Baba kutoka Morogoro baada ya Mama kufariki. Mzee alikuwa dereva wa greda wa serikali, mstaafu. Barabara nyingi za vumbi mkoa ule kazichonga yeye.

Toronto ilimshinda. Alianguka kwenye barafu mara moja tu, akaacha kutoka. Akawa anashinda dirishani kutazama magari ya highway kule bondeni, chai imepoa mkononi.

Alikuwa analala sebuleni. Na mke wangu kazi yake ni nursing home, kuogesha na kulisha wazee. Akirudi anamkuta mzee mwingine nyumbani.

Siku moja akaniambia, "Baba Neema, nimechoka. Sina hata pa kukaa nikapumua."

Sikumlaumu. Ila badala ya kukaa na Baba tukaongea kama watu wazima, nikapanga ujanja.

Kaka yangu mkubwa yuko Cairns, Australia. Kila mwaka alikuwa anatualika. Basi Julai 2013 nikamwambia tunakuja wote: mimi, wife, binti yetu Neema wa miaka kumi, na Baba. Tuvute caravan yake, ile nyumba ya magurudumu inayofungwa nyuma ya gari, mpaka mji wa Alice Springs katikati ya nchi.

Sisi watatu nilikata return ticket. Ya Baba nilikata ya kwenda tu. Bro sikumwambia, nikasema atazoea akimuona.

Siku za kwanza ilikuwa miwa, manyunyu, na vibao vya kuonya mamba karibu kila mto. Baba akasema, "Hapa si Kilombero kabisa?" Akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu msiba.

Tulivyozidi kwenda magharibi miti ikapungua, udongo ukawa mwekundu, na kipande kimoja lami ikakatika kabisa. Barabara imejikunja kama bati. Caravan ikatetemeka mpaka vikombe vikaruka kabatini.

Baba akamwambia Bro asimame. Akashuka, akachuchumaa, akaipapasa ile barabara kwa kiganja.

"Punguza upepo matairi yote, na ya hili behewa lako. Halafu usitambae. Shika mwendo mmoja."

Tukafanya hivyo. Vikombe vikatulia.

Toka hapo Neema akahamia pembeni ya babu yake. Mtoto anauliza kwa Kiingereza, babu anajibu kwa Kiswahili, na wanaelewana vizuri tu. Mzee akawa mtu mwingine. Hapo ndipo mtu mwenye akili angeghairi.

Mimi sikughairi.

Tulipoupita mji wa Mount Isa tukasimama rest area kula mchana. Wife na Neema wakaenda kupiga picha vichuguu. Baba akaingia kwenye caravan kujinyoosha. Mimi na Bro tukakaa kivulini, migongo tumeegemeza kwenye caravan, dirisha la wavu liko wazi juu ya vichwa vyetu.

Nikasema, "Bro, Baba anabaki kwako. Sijamkatia ticket ya kurudi."

Akanitazama. "Unasemaje? Mke wangu hajui lolote."

"Mwambie. Mimi zamu yangu nimemaliza. Miezi kumi na minne yuko sebuleni kwangu."

"Mimi sina nafasi, Joe. Nyumba ni ndogo. Si umpeleke hapo anapofanya kazi mkeo?"

"Wewe ndiye mkubwa."

"Na wewe ndiye uliyemtoa kwake. Nilikutuma?"

Tukaendelea hivyo, huyu anasukuma, yule anarudisha, kama tunabishania kabati la zamani.

Mlango ukafunguliwa. Baba akashuka ngazi taratibu, viatu vimefungwa kamba. Hakuwa amelala.

"Kikao kimeisha?" akauliza.

Tukainuka wote wawili.

"Na mimi nina hoja moja. Nirudisheni kwangu. Safari tumalizeni, msimharibie mtoto likizo yake."

Bro akaanza, "Baba, hatukumaanisha..."

"Nimesikia, mwanangu. Mimi macho ndiyo yameanza kupungua, masikio bado."

Siku tatu mpaka Alice Springs hakununa. Alitusalimia, alikula, alishukuru. Ila hakuizungumzia tena barabara. Heri angenitukana.

Pale airport ya Alice Springs, Neema alimng'ang'ania. "Babu, why are you leaving?"

Akamwambia, "Nyumba yangu haina mtu, mjukuu wangu."

Bro alipanda naye ndege hadi Sydney akampandisha nyingine ya kwenda Dar. Mimi nikairudisha caravan Cairns. Siku zote hizo wife hakuniongelesha. Tulipofika Toronto, akiwa anakunja mashuka ya Baba pale sebuleni, ndipo akasema:

"Mimi nilikwambia nimechoka. Sikukwambia umfukuze."



Baba aliishi miaka mitatu pale Morogoro, binamu yangu akimuangalia. Nikipiga simu anapokea, anauliza habari za Neema, anasema yeye mzima, anaaga. Nilijaribu kuomba msamaha mara mbili. Mara zote alisema, "Hayo yameshapita," kisha akaniuliza hali ya hewa.

Alipofariki, mimi na Bro tulikutana msibani tumevaa suti nyeusi. Mzee mmoja wa kanisa akasimama mbele ya watu wote akasema marehemu alibarikiwa watoto. Wamemtembeza dunia nzima, Canada, mpaka Australia kwenye nyumba ya magurudumu. Wazazi wangapi hapa wamepata hiyo?

Watu wakaitikia. Bro akainamisha kichwa. Mimi nikaangalia kaburi.

Nilichojifunza: mzazi akikushinda kumtunza, mwambie usoni, mtafute njia pamoja naye akiwepo. Ataumia, lakini atakuwa amekaa kwenye kikao chake. Msimjadili kama mzigo nje ya dirisha lake.

Mnaoishi na wazazi ughaibuni, mnafanyaje? Semeni chochote hapo chini, hata matusi nitayasoma.