Maneno Mawili ya Kiingereza

Delphine alikuwa akifua na kupiga pasi kwa Mwingereza mmoja, fundi wa garimoshi mjini Élisabethville. Katika nyumba hiyo alizaa naye mtoto wa kiume, Constantin. Mtoto alipoanza kukimbia, kazi za reli zikapungua, na Mwingereza akaitwa arudi Ndola, kule Rodezia.

"Mutoto anakwenda na mi," alisema siku ya kuondoka.

Delphine alimkumbatia mwanawe, akakataa. Ndipo yule bwana alipoinama, akamwambia taratibu kwa lugha yake: "I will bring him up."

Kiingereza cha Delphine kilikuwa cha jikoni. "Bring" alilijua: lete chai, lete maji. Na "up", yaani juu, lilikuwa neno la watu wa stesheni. Treni ikitoka Ndola kuja Katanga, walisema inapanda. Akalegeza mikono.

"Atamuleta," alimwambia dada yake Hortense.

Tangu hapo, treni ya Kusini ilipoingia, Delphine alikuwapo, amejifunga kikwembe safi. Alimshonea mtoto kaputula. Alipoona kwamba sasa itambana, akashona nyingine kubwa zaidi.

Karani wa stesheni, Laurent, aliyewahi kufanya kazi Bulawayo kwa Waingereza, alizoea kumwona. Siku moja akamwuliza anamngoja nani. Delphine akamweleza.

"Mama, sema tena vile alisema."

Akayarudia maneno yale kama alivyoyasikia. Laurent akavua kofia.

"Hayo maneno mbili, bring na up, yakienda pamoja, haiko kuleta tena, mama. Ni kulea. Alisema atamulea mutoto kule mpaka akuwe mukubwa."

"Hakusema atarudi naye?"

"Hapana, mama."

Delphine akaketi chini, palepale penye vumbi la makaa. "Mi mwenyewe njo nilimupa," akasema. "Hakuninyanganya. Nilifungua mikono."

Alipanda treni hadi Sakania, akarudishwa mpakani kwa kukosa kibali. Wasafiri walimwambia yule fundi ameshahama Ndola, amekwenda mbali zaidi, pengine Kepi, mwisho wa reli ya Kusini. Hakuna aliyejua nyumba yake.

Akarudi mtaa wa Kamalondo kwa Hortense, akaendelea kufua nguo za watu. Stesheni hakukanyaga tena. Hata akienda sokoni alipita njia ya mzunguko asisikie honi ya treni. Jirani mgeni akimwuliza ana watoto wangapi, hakusema amefiwa.

"Moja," alijibu. "Iko ku Rodezia."