Posa Niliyoilalia Mbebe

Jamani, nina miaka hamsini na digrii yangu ukutani, na nimewahi kusinzia katikati ya sentensi niliyoitunga mwenyewe, mbele ya ukoo mzima uliovaa nguo za kanisani. Nawasimulia kwa sababu aibu yenyewe imeshapoa, ila mshangao wake haujaniisha.

Nakunywa dawa ya akili, mwaka wa sita huu. Imenirudisha kazini, imenirudishia watu wangu, lakini inanitetemesha mikono, inanikausha mdomo, na nikishaimeza nalala kama gunia la mahindi. Ndiyo maana muuguzi wa kliniki alinisisitizia: usiku, mwalimu, usiku tu. Sasa dada yangu Tumpe alikuwa amenifanya mshenga wa mwanawe Lusajo, na usiku wa kuamkia safari nilitaka kukesha nikikariri hotuba (kurasa tatu, zote juu ya mche wa kahawa, maana wakwe ni wakulima wa kahawa huko milimani Ileje na mimi najiona fundi wa mafumbo), basi nikakiahirisha kidonge, na asubuhi kabla hatujatoka Tunduma nikakimeza na chai ili nisihesabiwe nimekiruka. (Akili ya msomi hiyo.)

Kijijini kwao binti, Mbebe, tukapokewa vizuri, tukanawishwa mikono, nikasimama. "Wazazi wetu, tulikuwa tunapita, tukaona mche wa kahawa..." Nikaona ukungu, nikadhani ni wa milimani. Nikautaja mche tena. Mara ya tatu nikaketi, na kilichofuata nimehadithiwa: nilikoroma.

Nilizinduliwa na sauti ya baba wa binti. "Mama, mmetuletea mlevi? Saa nne hii ya asubuhi?"

"Hapana, baba," dada akajibu haraka, "kaka yangu ana sukari. Imeshuka."

(Nilimwelewa. Mlevi anasamehewa, lakini ikisikika ukoo una mgonjwa wa akili, binti haendi huko.)

Nyumba nzima ikakurupuka, huyu na asali, yule na chai tamu kama dawa ya kikohozi. Nikashikishwa kikombe, mkono ukaanza ngoma yake, na chai yote ikaishia mapajani mwa shangazi wa binti, mama mmoja mrefu ambaye tangu tufike alikuwa hajatabasamu.

Hakupiga kelele. Aliutazama mkono wangu.

"Mwalimu, na mdomo unakauka?"

"Unakauka, mama."

"Hiyo sukari yako, dawa yake unameza saa ngapi?"

Lusajo alikuwa ameinama, viganja vimebana magoti. Nikaona na mimi nikidanganya, kijana ataoa juu ya uongo wetu. "Siyo sukari, mama. Ni dawa ya akili. Ya usiku, nimeimeza asubuhi."

Dada akajifunika uso kwa kitenge.

Shangazi akamgeukia kaka yake. "Umesikia? Yangu nameza baada ya sala ya usiku, mwaka wa kumi na moja. Nyie wote humu mnajua, hakuna aliyewahi kulitamka. Haya, nimelitamka mwenyewe."

Nimesoma vitabu vingi juu ya ujasiri. Sikuwahi kuuona ukiwa na sketi iliyolowa chai.

Kisha akaziokota sakafuni kurasa zangu zilizoniponyoka usingizini, akazisogeza mbali na macho, akaanza kusoma, akimposa binti wa kaka yake kwa kaka yake!

"Dada, kwani wewe uko upande gani?" baba wa binti akauliza.

"Upande wa mche. Nyamaza, uposwe vizuri."

Watu wakacheka, hata yeye. Jibu lake sikulisikia, nilikuwa nimelala tena, safari hii begani mwa shangazi, na wanasema alikataza nisiamshwe. Na baba wa binti aliikubali posa.

Nimeapa: kidonge ni saa tatu usiku, na hotuba isiyokaririka itasomwa na mwingine. Kila nikikimeza, huku malori yakinguruma kwenye foleni ya mpakani hapa Tunduma, nawaza kwamba kule Mbebe kuna mama ametoka kusali, na yeye anameza chake.