Taa Zilizowaka Nyuma ya Mgongo wa Abedi

Umewahi kumwuliza mtu anayekuvusha mto kama naye ana mahali anapotaka kwenda?

Hujawahi. Usijitetee. Unaingia mtumbwini, unatafuta pa kuweka miguu pasipo na maji, unakumbatia mzigo wako, na ukifika unapanda ukingo bila kugeuka. Mimi nimevuka Lualaba hivyo tangu nikiwa mgongoni mwa mama yangu Émilienne, na aliyetuvusha siku zote alikuwa mtu mmoja: Abedi, mwana wa Bulaimu, mvushaji wa Alunguli.

Ni mtu mrefu, mkavu, mwenye mabega ambayo yangemfaa mtu mnene. Hupiga kafi akiwa amesimama nyuma ya mtumbwi, kofia yake nyeupe kichwani hata mvua ikinyesha, na hageuzi shingo. Wavushaji wa kwetu wana neno: shingo ya mtu wa nyuma ikigeuka, mtumbwi nao hugeuka. Kafi lake lina pete ya shaba shingoni. Hilo ndilo kafi la safari ya mwisho ya jioni, na kwetu si kitu kidogo. Safari ya mwisho ndiyo humbeba mwanamke aliyeshikwa na uchungu, maiti anayerudishwa kwao, na mwalimu wa msikiti aliyechelewa. Mwenye kafi la pete hukaa mkeka wa mbele katika kila msiba, na wazee humsalimia wa kwanza. Abedi alilipokea kwa baba yake. Lakini halirithiwi moja kwa moja: likishikwa na mkono mwingine jioni moja tu, kesho yake wavushaji hukutana, na kafi huenda kwa aliyelishika.

Sasa nikuambie kuhusu amri. Serikali ilisema kwamba tarumbeta ya kambi ya askari ikilia wakati jua linazama, walio ukingoni wavuke mara moja, na giza likiingia mtumbwi wowote usionekane majini. Ukionekana, unashikwa pamoja na mwenyewe. Mto wenyewe haujawahi kufunga mlango. Ni binadamu walioufunga, tena binadamu wasiojua hata kuogelea ndani yake. Na mwaka wa 1957 umeme ulipofika kwenye mtaa wa baa huko Kasuku, upande wa mjini, ng'ambo ya mto, amri ile ilizaa kichekesho kichungu. Taa huwashwa tarumbeta ikikaribia kulia. Kwa hiyo sisi wa Alunguli tuliuza samaki, mikeka na mihogo mchana kutwa chini ya zile taa zilizozimwa, chupa za kioo tu, tukazijua kama tunavyojua vibuyu vitupu, lakini zilipowaka tulikuwa majini tumezipa mgongo. Na aliyezipa mgongo kwa karibu zaidi, kila jioni, alikuwa Abedi, nyuma ya mtumbwi.

Akishafunga mtumbwi hukaa ukingoni kwetu kuzitazama. Kutoka huku ni kama mstari wa vimulimuli waliogoma kuruka. Upepo ukikubali, muziki wa fono, ile mashine ya santuri ya kwenye baa, huja vipande vipande juu ya maji.

“Abedi,” mke wake Hadidja humwita kwa Kiswahili chetu cha mtoni, ambacho “ndiyo” yake ni “njo”, “zile taa haziko na mume ingine? Wewe tu njo unazichunga kila siku?”

“Niko naangalia tu, mama Jamila.”

“Angalia na chakula inapoa.”

Siku moja wazungu wasafiri walishuka kwenye meli, wakapanga mstari ukingoni, wakampiga picha Abedi na kafi lake, wakacheka vizuri, wakaenda zao. Nilikuwa mtumbwini, nimetoka kumaliza masomo kwenye kolegi ya mapadre. Abedi aliniuliza:

“Mutoto ya Émilienne, ile kazi yao njo nini?”

“Si kazi, papa. Wanatembea. Wanaangalia.”

“Wanaangalia nini?”

“Wewe.”

Alipiga kafi mpaka katikati ya mto.

“Basi muntu anaweza kutoka kwao, akuje kuangalia tu, na hakuna mwenye kumuuliza?”

“Anaweza.”

“Hata mimi?”

“Hata wewe!” nilisema kwa sauti iliyowashtua akina mama na vikapu vyao. “Wewe kwanza, kabla ya wote!”

Neno lile liliingia ndani yake, na halikutoka.

Ilikuwa mwezi wa mvua. Jioni moja Abedi alikuwa anarudi upande wa mji na mtumbwi karibu mtupu kuchukua watu wa mwisho. Tulikuwa watatu tu: yeye nyuma, Zuberi, kijana mvushaji wa mbele, na mimi niliyekuwa na shughuli kwa mjomba. Wingu zito lilitanda, giza likaja kabla ya saa yake, na mwenye kuwasha umeme akaona asingoje. Taa zikawaka. Zikawaka zote kwa pamoja, usoni pa Abedi, jua likiwa bado halijazama nyuma ya wingu.

Kafi lilisimama hewani. Mtumbwi ukaanza kuchukuliwa na maji.

“Papa Abedi!” Zuberi akapiga kelele. “Umelala?”

Tulipofika, abiria wa mwisho walikuwa bado hawajatokea. Manyunyu yalikuwa yamewaweka chini ya mapaa ya soko. Abedi aliangalia ngazi ya udongo inayopanda mjini, akaangalia mbingu.

“Zuberi, chunga mtumbwi. Nitarudi mbele ya tarumbeta.”

“Na ikilia?”

“Ikilia, vusha watu. Watoto wao wanawangoja.”

“Na kafi ya pete?”

“Nimesema nitarudi.”

“Sawa, papa. Lakini mimi mikono yangu haikatai,” Zuberi akasema, akicheka, na macho yake yakiwa tayari kwenye ile pete.

Abedi aliinama akachukua kambale aliyekuwa amelala chini ya mtumbwi, chakula chake cha usiku, akamfunga kwa majani ya mgomba. Nilimwuliza anampeleka wapi.

“Husikii ngoma? Muntu haendi kwenye ngoma mikono mitupu.”

Nilimfuata. Mtaa ule si mrefu. Kuna baa pande mbili zinazotazamana, kila moja na fono yake, kila fono ikijaribu kuizima nyingine. Kuna wanawake wenye nguo za rangi ya ndizi mbivu, wafanyakazi wa reli wenye viatu vilivyopakwa mafuta, moshi wa mishikaki, na juu ya yote zile chupa, ambazo mchana hazina maana. Abedi hakutazama watu kwanza. Alitazama chini.

“Angalia,” akaninong'oneza. “Niko watatu.”

Ni kweli. Vivuli vitatu vilitoka miguuni pake, kila kimoja kikielekea upande wake. Mtu aliyezoea kivuli kimoja cha jua, au kimoja cha mwezi, sasa alikuwa kikundi. Alipiga hatua mbele, kimoja kikafupika na kingine kikarefuka. Akarudi nyuma. Akainua mkono, mikono mitatu ikainuka. Watu wakaanza kumcheka, naye akacheka nao, bila kuacha. Kisha aliweka kiganja kwenye mti wa taa.

“Baridi. Na inakula nini?”

Nilimweleza kwamba kuna mashine upande wa bandari, na mashine hiyo ndiyo inayokunywa mafuta, kisha nguvu hupita katika waya.

“Basi tumbo iko kule, na macho iko huku.” Akatikisa kichwa. “Nyama mukubwa sana.”

Chini ya kila taa vyura wanene walikaa wakingoja wadudu waanguke. Alichuchumaa akawaangalia hao nao, kwa heshima ile ile. Nilimkumbusha tarumbeta. Akasimama, akapanga kofia yake, na hapo ndipo lilipoanza jambo ambalo sikulitazamia, ingawa ningepaswa: kwetu pakiwa na ngoma, nyama na taa, pana mwenye karamu. Humli mtu chakula chake bila kumsalimia.

“Mwenye sherehe iko wapi?” alimwuliza karani mmoja mwenye tai, jina lake Donatien.

“Sherehe gani, papa?”

“Hii. Njo ya arusi ao ya mutoto?”

Donatien aligeukia meza yake. “Sikieni! Papa anatafuta mwenye sherehe!” Kisha kwa Abedi: “Papa, mwenye sherehe njo mufuko yako. Ikikauka, sherehe imekufa.”

Meza nzima ilipasuka kwa kicheko. Mimi damu ilinichemka. Abedi aliwaaga kwa adabu, akavuka mtaa mpaka baa ya pili, akasimama mlangoni.

“Hodi!”

Fono iliendelea.

“Hodi wenyewe!”

Watu walimpita kushoto na kulia, wakiingia na kutoka. Yeye alibaki kizingitini na samaki wake, maji yakitiririka kwenye majani. Alipoita mara ya tatu, mwanamke mnene alitoka jikoni akifuta mikono. Alikuwa Odile, mwenye baa, mzaliwa wa Kama, kijiji chenye mila moja na sisi.

“Papa, hapa muntu anaingia tu.”

“Anaingia tu? Na nyumba itamujua namna gani?”

Odile alifungua kinywa amjibu kama anavyowajibu walevi, kisha akauona ule mzigo wa majani. Nadhani ilikuwa miaka mingi tangu mtu ambishie hodi.

“Karibu, papa,” akasema, na akampokea samaki kwa mikono miwili.

Hapo tarumbeta ikalia.

Nilimshika Abedi mkono. “Papa, tukimbie! Zuberi hajaondoka bado, anapakia watu. Kafi la baba yako!”

Hakusogea. Nawe usiyetoka kwetu ujue kwa nini: mchango ukishapokelewa, mwenye kuuleta haondoki ukiwa mbichi. Akiondoka, ameiachia nyumba laana, kama mtu aliyetema mate katika chungu. Hakuna wa Alunguli ambaye angefanya hivyo, hata kwa nyumba ya adui. Odile wa Kama alilijua vilevile. Alisimama na samaki mikononi, akingoja kuona atafanya nini.

“Nimepokelewa,” Abedi akasema. Tarumbeta ililia mpaka mwisho wake, yeye akiitegea sikio kama mtu anayesikiliza jina lake likisomwa. Kisha akavua viatu mlangoni, katika baa, akaingia.

Odile alimpika yule kambale kwa mawese na pilipili, akaweka wali katika sinia moja kubwa, akaiweka kati. Abedi hakula peke yake, angewezaje? Aliita waliokuwa karibu. Walikuja kwa mzaha kwanza, kisha kwa njaa. Hata Donatien alivuka mtaa, akatupa tai yake begani, akatia vidole.

“Papa, unisamehe. Pilipili hii inasema kweli.”

“Kula, mutoto. Huko kwenu wanakulaka na kamba shingoni?”

Safari hii walimcheka Donatien, naye alicheka zaidi ya wote. Na kila aliyeingia akaona sinia na kuuliza, “Karamu ya nani?” alijibiwa, “Ya Papa Abedi, wa ng'ambo.” Yeye alikunywa limonadi, akaangalia wacheza dansi, akauliza kwa nini mwanamume anashika kiuno cha mke wa mtu na hakuna anayepigwa. Aliuliza kila kitu. Sijaona mtu aliyekuwa amepoteza kitu kikubwa namna ile akauliza maswali mengi namna ile.

Tulipotoka, alitaka kwanza kwenda ukingoni. Mtumbwi haukuwapo, Zuberi alikuwa ameshavusha. Abedi alisimama akitazama upande wetu, akatazama kwa muda mrefu, akakunja uso kama mtu anayetafuta sindano. Sikumwuliza anatazama nini. Tulilala kwa mjomba.

Asubuhi tulivuka na mtumbwi wa kwanza, Abedi ameketi katikati kama mzigo. Wavushaji wote walikuwa wamekwisha kukutana kwenye mchanga wa Alunguli. Hadidja alikuwa amesimama kando, mikono kifuani. Mzee wao, Hamisi, alikuwa ameshika kafi la pete.

“Abedi, jana mukono wako ulikosa.”

“Ulikosa, baba.”

“Sheria unaijua.”

“Naijua. Mupe Zuberi. Aliwavusha watu vizuri.”

Hamisi hakufanya haraka. Naye ni mtu, naye amezitazama taa zile. “Kwanza utuambie. Uliona nini?”

Abedi aliwaeleza juu ya vivuli vitatu, na vyura, na mnyama mwenye tumbo bandarini na macho mtaani. Waliketi mmoja mmoja kumsikiliza. Zuberi aliuliza kama wanawake ni wazuri, akapigwa kofi la kisogo. Kisha Abedi akaelekeza kidole mtoni.

“Na niliona hii. Nilisimama kule ukingoni, nikatafuta Alunguli. Hakuna. Hakuna nyumba, hakuna moto, hakuna muti. Giza tu. Kila siku sisi tunawaona. Wao, tangu taa zije, hawajatuona hata siku moja.”

Akina mama waliokuwa wakingoja kuvuka na vikapu vyao waligeuka kutazama ng'ambo.

Hamisi alinyanyua kafi kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. “Zuberi. Pokea.”

Zuberi, aliyelitamani tangu alipoanza kuota ndevu, aliliangalia kafi, akaangalia ng'ambo, ambako chupa za kioo zilikuwa zimezimika na kufanana tena na vibuyu vitupu. Taratibu, akaipeleka mikono yake nyuma ya mgongo.

“Nikipokea, nitazipa mugongo mpaka nizeeke.”

“Tambwe,” akasema Hamisi kwa aliyefuata.

Tambwe akainama, akajifanya anafunga kamba.

Hamisi aliwazungukia wote kwa macho, kafi likiwa bado mikononi mwake. “Basi leo jioni nani atavusha watu?”

“Wote tutavusha, baba,” Zuberi akajibu. “Ila tukiisha kuziona taa.”

Mzee alilichomeka kafi katika mchanga wenye maji, likasimama wima, pete yake ikishika jua. Abedi alichukua kafi lolote kutoka mtumbwini, akina mama wakapanda na vikapu vyao, na mtumbwi ukasukumwa. Alipofika katikati ya mto, aligeuza shingo, akaitazama Alunguli.