Siku bidon za Munigi zilinifuata

Bon, mukuje karibu niwaelezee mwenyewe, juu hapa Majengo banaelezaka hii mambo bila kunipa nafasi na banaongezaka chumvi mingi, eti koko, bibi mwenye bajukuu, alisimama mutupu mbele ya bakwe. Mutupu hapana! Nilikuwa na culotte ya mujukuu wangu, ile kaptula fupi ya kuchezea mpira. Haya ilinikamata kweli, masikio iliwaka moto, siwezi kuwadanganya, lakini hata na ile haya yote kuko kitu yenye ninajivunia mupaka leo.

Munajua mutoto wangu wa mwisho alienda kutumika Kampala, akaniachia kagari kake ka sport, kekundu, milango mbili, kafupi kama mutu mwenye anachuchumaa. Akaniambia, "Mama, ukuwe unakawasha tu, batri isikufe." Nikakawasha. Kisha nikaona kuwasha bila kuenda ni kama kupika bila kula, nikazunguka parcelle, ile kiwanja ya nyumba, nikafika avenue, nikafika mutaa ya Katoyi (muzee mumoja alitoka kwa mulango yake, akafanya alama ya musalaba). Mimi kwa volant, kushika usukani, si mugeni, nilileta maziwa na pickup kutoka Masisi myaka mingi, na ile barabara wakati wa mvua, kama inakuacha muzima, uko dereva. Masomo sina, lakini njia nikiipita mara moja tu, inabaki ndani ya kichwa.

Sasa Neema, huyu mujukuu mwenye ninaishi naye, alikuwa anapendana na Espoir, kijana mupole, na Espoir na barafiki yake ndio banapangaka mashindano ya gari kule Munigi, kwa kiwanja moja yenye balisawanisha mawe ya volcan. Banasimamisha bidon za njano, zile za kuchotea maji, gari moja moja inaingia peke yake, inapita katikati yazo mbio mbio, banahesabu wakati na chrono, ukigusa bidon banakuongezea seconde. Nikamwambia Espoir, "Niandike." Akacheka. Nikamuangalia. Akaniandika.

Lakini musisahau, mama yake Espoir alikuwa hajakubali ndoa. Ni mama wa heshima sana, wa Rutshuru, alikuwa amesema ataona kwanza familia yenye Neema anatoka. Nasi tulimungojea kwetu siku ya yenga, Jumapili, kesho yake ya mashindano, chai na kila kitu, Neema halali juu ya mawazo.

Jumamosi nikaenda Munigi. Kwanza munazunguka kwa miguu ili mushike njia, na mimi ninatembea polepole, ninasema na kichwa yangu, hapa kushoto, hapa frein, ninakanyaga breki, na batoto ba watu banachekelea.

"Koko, soko iko kule! Ulikuja kuuzisha mandazi?"

"Nilikuja kukuuzisha vumbi, mutoto wangu. Fungua kinywa."

Nikavaa casque, ile kofia ngumu, juu ya kitambaa, nikaingia ndani ya gari na ile culotte ya Neema, juu miguu inapashwa kuwa huru. Na mimi niko pale kwa départ, kwa musitari ya kuanzia, moteur inanguruma, pikipiki moja ikasimama pembeni, mama mumoja akashuka, ananyoosha nguo. Yebabawe! Mama Espoir! Alikuja kuona muchezo ya mutoto wake. Sasa mukwe anione magoti inje?

"Neema, lete kikwembe yangu nijifunge kwa kiuno!"

"Koko, balisema hakuna kitu ya kuning'inia..."

"Lete!"

Nikajifunga nayo palepale kwa kiti, haraka haraka, nikapiga mulango, pa! Na ncha yake ikabaki inje. Mimi sikuona.

Nikaenda. Ah, batu bangu, ile gari inakimbia! Virage ya kwanza, ile kona ya kushoto, safi, ya pili safi, ya tatu nikasikia kitu inagonga nyuma, ko ko ko, nikasema ni mawe. Kumbe ncha ya kikwembe ilinasa mukono ya bidon, ninaivuta kama mbuzi ya soko, na kila mahali ninakata kona ile bidon inaruka, inapiga bidon zingine. Batu banapiga makelele, mikono juu ya kichwa. Mimi nikasema, eh, kumbe bananipenda hivi! Nikaongeza mafuta. Kwa virage ya mwisho kikwembe ikapasuka, ikaenda yake na bidon yake, nikafika, nikasimama sawasawa kwa musitari, nikafungua mulango, nikatoka, mikono juu.



Nikasikia baridi kwa mapaja. Nikageuka, bidon zimelala kiwanja yote kama balevi, kikwembe yangu kule mbali kwa vumbi. Nikageuka tena, Mama Espoir huyu mbele yangu, na nyuma yake Neema analia: "Koko, umeniua. Umeniua kabisa."

Nikavuta ile culotte kwa chini ifike magoti, ikakataa. 

Mama Espoir akafungua kikwembe yake ya juu (mama wa heshima hatokake na moja tu), akakuja, akanifunga nayo kwa kiuno, akaikaza. Kisha akauliza mutoto wake, "Chrono inasema nini?"

Espoir akakohoa. "Bila bidon, mama, koko anapita bote benye balikimbia leo. Na bidon... ni wa mwisho."

"Mimi sikukuja kuposa bidon," akasema. Kisha akaniinamia kwa sikio: "Ulijifunika juu ya kuniheshimu mimi?"

"Ndiyo, mama."

"Basi kesho tutakuja kunywa ile chai."

Neema ameolewa, batu bangu, na nilimupeleka kanisa mimi mwenyewe na kale kagari. Tangu ile siku niliapa, kikwembe ni ya kanisa na ya kilio, ndani ya gari ya sport ni pantalon, suruali ndefu, hata bakwe bakuje bote. Na mwezi yenye ilipita nilirudilia kule Munigi, hakuna bidon hata moja ilianguka. Munaweza kuuliza Mama Espoir, alikuwa kwa kiti kando yangu, ijapokuwa hakuona kitu, juu alifunga macho tangu départ, anasali kwa sauti.