Fuksia Iliyoamshwa Mapema

Kila majira ya baridi niliipeleka fuksia yangu, ua la chunguni, stoo, chini ya ghorofa letu la mtaa wa Rågsved, ikalale gizani bila majani, kwa maji kidogo tu. Jirani Mswidi aliyenipa ndivyo alivyonielekeza. Mwaka ule mdogo wake mume wangu, mgeni kutoka Tanga, akaiona, akaihurumia. Niliporudi kutoka kazini niliikuta jikoni kando ya kipasha joto, udongo chapachapa.

“Shemeji, mmea wako ulikuwa unakufa kiu!”

“Ulikuwa umelala.”

“Mmea gani unalala stoo?”

Nilikasirika. Ikachipuza vitawi virefu, vyeupe, vikajaa wadudu vidukari, na shina likaanza kuoza. Lakini kusema haki, kwetu nani huokoa mmea kwa kuunyima maji? Nami sikuwa nimemwambia. Tena sina hakika, pengine hata kule stoo ingekufa.

Nilikata ncha tatu, nikazichomeka kwenye kikombe cha mchanga. Mbili zikanyauka. Ya tatu ikashika. Shemeji akaja na birika.

“Hii je, niinyweshe?”

“Iguse uone. Utalala stoo wewe.”