Chai ya Mshiriki wa Kumi

Mwaka wa 1996 Ndinda Mativo alikuwa amebakiza mtu mmoja tu akamilishe utafiti wa shahada yake ya uzamili. Kazi yake hospitalini ilikuwa kuwafunza wagonjwa kufanya tena shughuli zao za kila siku: kuvaa, kuoga, kupika. Utafiti nao ulimtaka awatazame watu kumi waliopatwa na kiharusi wakichemsha chai nyumbani kwao bila kusaidiwa. Tisa alikuwa nao. Wa kumi alitakiwa kabla ya Jumatatu, na mama yake Ndinda alikuwa ameshaitangaza shahada hiyo kanisani kana kwamba imetundikwa ukutani.

Huyo wa kumi alikuwa Mzee Kyule wa mtaa wa Umoja, mchonga vinyago aliyepooza mkono wa kulia. Kikwazo kilikuwa mkewe, Wanza. Chuo kiliamuru kila nyumba iarifiwe mapema, na Wanza akishaarifiwa kuwa kuna mgeni, hujiandaa. Mara ya kwanza Ndinda alimkuta mzee amevalishwa suti na tai, chai iko tayari ndani ya themosi. Mara ya pili kulikuwa na kuku.

Ijumaa hiyo ilikuwa mara ya tatu, na chapati zilinukia tangu ngazini.

"Mama Koki," Ndinda alimwambia Wanza, "chai aipike Baba Koki. Ndiyo kazi iliyonileta."

"Mbele ya mgeni? Wanawake wa kanisa wasikie Wanza anamtuma mgonjwa jikoni? Nitaficha wapi uso wangu?"

"Mimi naweza..." mzee akaanza.

"Wewe kula chapati."

Ndinda akavua viatu, akajifunga leso, akaingia jikoni kuosha vyombo. Mgeni anayesugua sufuria, alifikiri, si mgeni tena. Wanza akamfuata mbio.

"Mtoto wa watu, weka chini hiyo! Umesoma chuo kikuu uje kusugua masizi yangu?"

Akashika ukingo mmoja wa sufuria, Ndinda akang'ang'ania mwingine, wakavutana hadi kibarazani, povu likiwarukia.

Kiberiti kikalia jikoni. Wote wawili wakaganda.

Mzee alikuwa ameketi kigodani, kiberiti amekibana katikati ya magoti kama alivyokuwa akibana gogo la mpingo, na stovu ilikuwa inawaka. Pakiti ya maziwa akaitia kwapani, akaing'ata ncha, akamimina kwenye sufuria nyingine.

"Usiende," Ndinda alinong'ona, akimshika Wanza mkono wenye povu. "Ukimsaidia, nimekwisha."

Wanza hakwenda, ila kila mara sufuria ya mzee ilipoyumba alimshikilia Ndinda kwa nguvu zaidi. Dakika kumi na nane, Ndinda akaandika kwenye karatasi iliyolowa.

Mzee akawamiminia. Wanza akaonja, akafumba jicho moja.

"Ametia chumvi."

"Nitaandika hivyo."

"Andika ni tamu! Unataka wakubwa wa chuoni wamcheke mume wangu?"

"Hawatamjua, Mama Koki. Jina haliandikwi. Ataitwa Mshiriki wa Kumi."

Wanza akaweka kikombe chini. "Yaani mtu apike kwa mkono mmoja, halafu aitwe nambari? Andika Kyule! Kyule wa Umoja, mume wa Wanza!"

Ndinda akaandika: Mshiriki wa Kumi, amemaliza bila kusaidiwa, chumvi badala ya sukari.

Jumapili, wakati wa matangazo kanisani, Wanza alisimama akaisimulia chai hiyo kuanzia kiberiti hadi kikombe, na jina la mumewe akalitaja mara tatu. Habari ya chumvi hakuigusa.